Jinsi ya Kumfuatilia Mgonjwa Mahututi na Kukadiria Hatima Yake, Hasa Baada ya Moyo Kusimama

Katika mazungumzo ya kila siku hapa Mombasa, mtu anayetabiri ni mpiga ramli, na ndiyo sababu neno hilo silipendi wodini. Tunachokifanya kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi ni kukadiria: tunakusanya dalili zinazopimika, tunaangalia zinavyobadilika saa baada ya saa, kisha tunasema ni lipi linaloelekea kutokea na tuna uhakika wa kiasi gani. Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari vijana wanaoanza zamu katika wodi zenye wagonjwa wazito na katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Hauchukui nafasi ya utaratibu wa hospitali yako wala uamuzi wa daktari bingwa aliye zamu. Ndugu wa mgonjwa wakiusoma, huenda ukawasaidia kuelewa kwa nini tunawajibu mara nyingi kwamba tusubiri.

Anza na pumzi

Kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote ni hesabu ya pumzi, ilhali mara nyingi ndicho kinachotangulia kubadilika hali ya mgonjwa inapoanza kuharibika. Fungua chati za wodi yoyote yenye shughuli nyingi na utakuta 20, 20, 20, tangu alfajiri hadi usiku, kana kwamba wagonjwa thelathini wamekubaliana kupumua kwa mwendo mmoja. Hesabu kwa dakika nzima, usihesabu kwa sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Wala usimwambie mgonjwa unachohesabu, kwa kuwa akijua atabadilisha mwendo wake bila kukusudia. Shika kifundo cha mkono wake kana kwamba unapima mapigo, huku macho yako yakiwa kifuani.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ambacho msingi wake uliwekwa na mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, kimeokoa watu wengi, lakini kina udhaifu unaotuhusu sisi moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliojificha, yaani ule ambao kifaa hicho hakikuuonyesha lakini damu ya ateri iliuonyesha, ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo 93 au 94 kwenye kidole cha mtu mweusi isikutulize ikiwa anapumua mara 28 kwa dakika na misuli ya shingo inavutika. Amini pumzi kwanza, kisha omba kipimo cha gesi za damu ikiwa kinapatikana.

Upande wa pili wa udhaifu huo ni ule wa kusoma chini kuliko hali halisi. Hina nyekundu kwa kawaida haizuii mwanga wa kifaa, lakini piko nyeusi iliyokolea kwenye ncha za vidole inaweza kukifanya kisome vibaya au kisipate wimbi kabisa, na rangi nzito ya kucha huweza kufanya vivyo hivyo. Nakumbuka bibi arusi mmoja aliyeletwa siku ya tatu baada ya arusi yake kwa homa kali. Vidole vyote kumi vilikuwa vimekolea piko hadi kwenye kucha, kifaa kinaandika 84, na mwenyewe anatueleza habari zake kwa sentensi ndefu bila kukatika pumzi. Tulipokihamishia kwenye ndewe la sikio kilisoma 97. Kabla ya kukimbilia mtungi wa oksijeni, tazama kama wimbi la mapigo kwenye kioo ni zuri na kama linalingana na mapigo unayoyahisi kwa mkono. Namba isiyo na wimbi zuri usiiandike kwenye chati.

Jumlisha, kisha linganisha na ya jana

Mgonjwa mara nyingi huanza kuharibika saa kadhaa kabla ya moyo wake kusimama, na dalili huwa zimeandikwa kwenye chati yake bila mtu kuziunganisha. Alama za NEWS2, zilizotungwa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2017, zipo kwa kazi hiyo ya kuunganisha. Kila kimoja kati ya vipimo sita, yaani pumzi, oksijeni, presha ya juu (namba ya kwanza kwenye kipimo cha presha), mapigo, fahamu na joto, hupewa alama kuanzia 0 hadi 3 kadiri kinavyotoka kwenye hali ya kawaida, na mgonjwa anayetumia oksijeni ya ziada huongezewa alama 2.

Chukua mfano wa mzee mwenye nimonia. Saa nne asubuhi anapumua mara 20 (0), oksijeni ni 95 bila mtungi (1), presha ya juu ni 118 (0), mapigo ni 96 (1), yuko macho na anazungumza vizuri (0), joto ni 38.2 (1). Jumla ni 3. Saa nane mchana anapumua mara 24 (2), oksijeni ni 94 (1) lakini sasa amewekewa oksijeni (2), presha ya juu ni 108 (1), mapigo ni 112 (2), bado yuko macho (0), joto ni 38.4 (1). Ukitazama namba moja moja hakuna inayotisha, na muuguzi aliyechoka anaweza kupita kitanda hicho akasema mzee anaendelea vizuri. Jumla, hata hivyo, imetoka 3 hadi 9 kwa muda wa saa nne tu. Alama 5 au 6 hudai daktari amwone haraka na vipimo vichukuliwe angalau kila saa. Alama 7 na kuendelea ni dharura, mgonjwa afuatiliwe bila kukatiza na wataalamu wa wagonjwa mahututi waarifiwe. Aidha, kipimo kimoja kikifikisha 3 peke yake, kwa mfano mgonjwa aliyekuwa timamu ameanza kuweweseka, mwite daktari hata kama jumla ni ndogo. Kwa mgonjwa wa mapafu wa muda mrefu ambaye daktari ameagiza oksijeni yake ibaki kati ya 88 na 92, tumia jedwali la pili la oksijeni lililomo ndani ya NEWS2, la sivyo utampa alama asizostahili.

Anayesimama ufukweni akayatazama maji mara moja hawezi kusema kama yanajaa au yanakupwa. Mvuvi huchomeka kijiti, akaenda zake, akarudi kutazama. Chati ndiyo kijiti chetu. Unapokabidhi zamu, usiseme “presha 100 kwa 60” ukaishia hapo, bali sema ilikuwa ngapi saa sita zilizopita na ni dawa kiasi gani inayoishikilia hapo, kwa sababu presha ileile inayoshikiliwa na dawa iliyoongezwa maradufu ni ya mgonjwa aliyezidiwa.

Presha ya wastani, mkojo na ncha ya kidole

Kwa mgonjwa aliye katika mshtuko, yaani ambaye damu yake haizunguki vya kutosha kufikia viungo, presha ya wastani hutufaa kuliko ya juu peke yake. Chukua presha ya chini mara mbili, ujumlishe na ya juu, ugawanye kwa tatu. Mwenye 90 kwa 50 ana wastani wa 63, ambao uko chini kidogo ya 65, kiwango cha chini ambacho kwa kawaida tunakilenga ili figo na ubongo vipate damu ya kutosha. Presha hiyo isomwe pamoja na mkojo. Mtu mzima anatakiwa kutoa angalau mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, hivyo mwenye kilo 70 atoe 35. Mkojo unaopungua kwa saa mbili au tatu mfululizo ni habari ya kumpigia daktari simu, lakini hakikisha kwanza kwamba mpira wa mkojo haujajikunja chini ya paja. Nimeshuhudia mgonjwa akiandaliwa kusafishwa damu ilhali tatizo lilikuwa mpira uliokaliwa.

Ncha ya kidole nayo husema mengi, tena bure. Bonyeza kwa nguvu kwa sekunde 10 hadi rangi iondoke, achia, uhesabu sekunde hadi irudi. Zikizidi 3, damu haifiki vizuri pembezoni mwa mwili. Utafiti wa mwaka 2019 ulioitwa ANDROMEDA-SHOCK ulilinganisha matibabu ya mshtuko wa maambukizi yanayoongozwa na kipimo hiki na yale yanayoongozwa na kiwango cha lakteti katika damu, asidi inayopanda tishu zinapokosa oksijeni, na cha kidole hakikushindwa. Kwa hospitali ambayo mashine ya lakteti iko mbali au imekwisha vitendanishi, hiyo si habari ndogo. Lakteti ikipatikana, iliyo juu ya 2 mmol/L itiliwe shaka, na irudiwe baada ya saa mbili hadi nne, kwani inayoshuka inatoa tumaini kuliko inayobaki palepale.

Kupima fahamu bila kumwonea mgonjwa

Kipimo cha fahamu cha Glasgow kilichotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974 kina sehemu tatu: macho hupewa hadi 4, maneno hadi 5, na mwili hadi 6, hivyo jumla haishuki chini ya 3 wala haizidi 15. Kosa la kwanza ni kuandika jumla peke yake. Wagonjwa wawili wenye 8 wanaweza kuwa mbalimbali kabisa, kwa hiyo andika sehemu zote tatu, na mwenye bomba kooni mwandikie wazi kwamba sehemu ya maneno haikupimika.

Kosa la pili ni la lugha. Mzee aliyetoka Kinango au Kaloleni, aliyezungumza Kiduruma au Kigiriama maisha yake yote, akiulizwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha haraka yuko wapi na leo ni siku gani, atajibu jambo jingine au atanyamaza, naye ataandikwa kuwa amechanganyikiwa. Mwite mwanawe amsalimie na kumuuliza kwa lugha ya nyumbani, kisha ndipo utoe alama. Nimewahi kuona alama za maneno zikipanda kutoka 4 hadi 5 kwa salamu moja tu.

Sehemu ya mwili ndiyo yenye uzito mkubwa tunapofikia kukadiria hatima. Anayetii amri hupewa 6; anayepeleka mkono mahali panapouma, 5; anayeuondoa mkono kwenye maumivu, 4; anayekunja mkono kwa namna isiyo ya kawaida, 3; anayenyoosha, 2; asiyesogea kabisa, 1. Tumia kichocheo cha maumivu kinachokubalika, kama kubana msuli wa bega karibu na shingo au kubonyeza ukingo wa juu wa tundu la jicho pale ambapo uso haukuvunjika. Kumfinya mtu ngozi ya kifua hadi akaachwa na alama ni ukatili usio na faida. Kumbuka pia kwamba kubonyeza ukucha kunaweza kuuchezesha mguu kwa njia ya uti wa mgongo tu, bila ubongo kuhusika.

Alama za makundi

SOFA huhesabu hali ya viungo sita, yaani mapafu, kuganda kwa damu, ini, mzunguko wa damu, ubongo na figo, na jumla yake ni kuanzia 0 hadi 24. Tangu mwaka 2016, kupanda kwake kwa alama 2 au zaidi kwa mwenye maambukizi ndiko kunakotafsiriwa kuwa sepsisi, yaani maambukizi yaliyoanza kuharibu viungo. APACHE II, alama nyingine za uzito wa ugonjwa zilizochapishwa mwaka 1985, zilijengwa juu ya wagonjwa 5,815 wa hospitali 13 za Marekani. Zote mbili husaidia kulinganisha makundi ya wagonjwa na kuona kama kazi yetu inaboreka. Usizitumie kumwambia mama kwamba mwanawe ana asilimia kadhaa za kupona, kwa sababu alama hizo hazijui lolote kuhusu mwanawe. Zinajua wagonjwa mia wanaofanana naye kwenye karatasi.

Moyo unaposimama, andika wakati

Makadirio ya siku ya tatu huanza kwenye dakika ya kwanza, na habari za dakika hiyo huja na jamaa waliomleta, mara nyingi kwa tuktuk, wakiwa wamelowa jasho na kila mmoja anazungumza kwa wakati wake. Tunataka kujua mambo haya: alianguka saa ngapi, nani alimwona akianguka, nani alianza kukandamiza kifua na baada ya muda gani, na kama alipumua. Jamaa wengi husema “alikuwa anakoroma tu”. Mkoromo huo wa kuhema kwa kukatika hutokea wakati moyo umeshasimama, na haumaanishi kwamba alikuwa analala. Aliyekuwa akihema hivyo, hata hivyo, ana nafasi nzuri kidogo kuliko aliyekuwa kimya kabisa.

Saa ziandikwe kwa uangalifu wa pekee. Jamaa akisema alianguka saa mbili usiku, ni 20:00. Nimeona faili ambalo muuguzi mwenye haraka aliandika 02:00, na kwa kalamu hiyo moja akamwongezea mgonjwa saa kumi na nane za hesabu zisizokuwepo. Asiyekumbuka saa hukumbuka adhana. Atakwambia Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa lakini watu hawajatoka msikitini, nawe ukiitazama ratiba ya swala ya siku hiyo utapata wakati wenye tofauti ya dakika chache tu. Kwa mgonjwa aliyeletwa kutoka upande wa Kusini, andika pia wakati alipoondoka, muda aliokaa kwenye foleni ya feri ya Likoni na vipimo vyake alipofika, kwa maana mabadiliko yaliyotokea njiani ni sehemu ya ugonjwa.

Wakati wa kufufua, kifua kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kiachwe kirudi juu chote, na anayekandamiza abadilishwe kila dakika 2. Mmoja asimame pembeni aandike: mdundo wa kwanza ulioonekana, idadi ya mara alizoshtuliwa, saa ya kila adrenalini, na saa mapigo yaliporudi. Mdundo wa kwanza una uzito mkubwa, kwa kuwa mtetemo wa ventrikali (vyumba vya chini vya moyo), ambao mashine ya kushtua moyo huweza kuukata, una matumaini zaidi kuliko mstari ulionyooka. Kila dakika inayopita bila kukandamiza wala kumshtua mgonjwa wa namna hiyo humpunguzia nafasi ya kuokoka kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Chanzo nacho kiulizwe mapema. Mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu anaweza kuwa na potasiamu nyingi inayotibika. Mama aliyejifungua juzi anaweza kuwa na donge la damu mapafuni. Na aliyezama baharini moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, kwa hiyo yeye huanzishwa kwa pumzi kabla ya kifua.

Pale kapnografu, mashine ya kupima kaboni dioksidi kwenye pumzi, ipo, hewa ya kaboni inayotoka kwenye bomba hueleza kama damu inasukumwa. Ikipanda kwa ghafla, huenda moyo umeanza kupiga wenyewe. Ikibaki chini ya 10 mmHg baada ya dakika 20 za kazi nzuri, bomba likiwa mahali pake, matumaini ni hafifu sana, ingawa hata hapo usiache kwa namba hiyo peke yake.

Siku tatu za kutunza kabla ya kusema

Mapigo yakirudi na mgonjwa akabaki bila fahamu, kazi ya saa 72 zinazofuata ni kuulinda ubongo usiumie mara ya pili. Oksijeni ibaki kati ya 94 na 98, presha ya wastani isishuke chini ya 65, sukari isiwe chini ya 4 wala isipande sana juu ya 10 mmol/L, na degedege litibiwe. Joto lisizidi 37.5. Utafiti mkubwa wa TTM2 wa mwaka 2021 haukuona faida ya kumpoza mgonjwa hadi 33 kuliko kumzuia asipate homa. Kuzuia homa kunasikika rahisi hadi uwe Mombasa wakati wa kaskazi, umeme umekatika na feni zimesimama. Hapo ndipo utakapojua thamani ya kipimajoto cha ndani ya mwili, kwa maana cha kwapani husoma chini ya joto la ndani na kukudanganya kwamba yote ni shwari.

Sasa niseme kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimwambia kaka wa mgonjwa siku ya pili kwamba nduguye hataamka. Mboni zilikuwa nzito, hakusogea alipobanwa bega, nami nilijiona mzoefu. Sikutilia maanani kwamba figo zake hazikufanya kazi na kwamba midazolamu na mofini, dawa za usingizi na maumivu, alizopewa kwa siku mbili zilikuwa bado zimo mwilini. Siku ya sita alifungua macho, na siku ya saba alimbana mkewe kidole alipoombwa. Wakati huo jamaa walikuwa wameshapanda basi kutoka Lamu kuja kuzika.

Tangu hapo nafuata utaratibu huu bila kuruka hatua. Kwanza, saa 72 zitimie tangu mapigo yarudi. Pili, dawa za usingizi ziwe zimesimamishwa na zimepewa muda wa kutoka, muda ambao huongezwa kwa mzee na kwa mwenye ini au figo mbovu. Dawa za kulegeza misuli zihakikishwe zimekwisha. Na presha, joto, sukari na chumvi za mwili ziwe zimerekebishwa. Tatu, mgonjwa apimwe sehemu ya mwili ya kipimo cha Glasgow. Akipata 4 au zaidi, ana dalili nzuri, na mjadala wa kukata tamaa haumhusu. Akipata 3 au chini, ndipo tunatafuta dalili mbaya, na lazima zipatikane angalau mbili.

Dalili hizo, kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2021 wa Baraza la Ufufuaji la Ulaya na Jumuiya ya Ulaya ya Tiba ya Wagonjwa Mahututi, ni mboni zote mbili zisizobana kwa mwanga pamoja na kope zisizofumba konea (kioo cha mbele ya jicho) inapoguswa baada ya saa 72. Kutokuwepo kwa mwitikio wa ubongo pande zote mbili neva ya mkono inaposisimuliwa kwa umeme, kuanzia saa 24. Kipimo cha umeme wa ubongo kilichoharibika vibaya baada ya saa 24. Protini ya NSE, inayovuja kutoka seli za neva zilizoumia, kwenye damu inayozidi 60 µg/L saa ya 48 au ya 72. Mishtuko ya misuli isiyokatika ndani ya saa 72. Na picha ya CT au MRI inayoonyesha ubongo ulioumia kila mahali kwa kukosa oksijeni. Vingi kati ya hivi havipatikani katika hospitali zetu nyingi, na ukweli huo unapaswa kutuongezea subira. Asiye na vipimo viwili vinavyokubaliana hana ruhusa ya kutoa hukumu. Anachoweza ni kuendelea kumtazama mgonjwa na kumpima tena.

Kipimo cha mboni ndicho kila mtu anacho, basi kifanywe vizuri. Punguza mwanga wa chumba, tumia tochi kali badala ya taa ya simu iliyofifia, mulika jicho moja na kutazama yote mawili, kisha rudia upande wa pili. Uliza kama mgonjwa aliwahi kupasuliwa mtoto wa jicho, maana mboni iliyofanyiwa upasuaji inaweza kukosa kubana kwa sababu zake yenyewe. Mboni zilizotanuka wakati wa kufufua, huku adrenalini na atropini zikiendelea kuingia, usizihesabu. Konea iguswe kwa ncha ya pamba safi, polepole, upande wa nje wa jicho.

Mishtuko ya misuli huwachanganya jamaa na hata sisi. Mke akimwona mumewe anatikisika uso na mabega kila sekunde chache, hufurahi akidhani anaamka. Muuguzi naye huona ni mwisho. Mishtuko mikali isiyokatika katika siku za kwanza ni dalili mbaya, lakini wapo wagonjwa wachache wanaoamka nayo na kuishi, kwa hiyo usiihesabu kuwa ni kauli ya mwisho bila kipimo cha umeme wa ubongo au dalili nyingine. Ukisema mapema kwamba mtu hataamka, mashine itaondolewa, atakufa, nawe utaenda nyumbani ukiamini kwamba ulikuwa sahihi. Hakuna njia ya kulijua kosa la namna hiyo, na ndiyo maana ninaliogopa kuliko kosa la dawa.

Maneno ya kutumia na jamaa

Tafuta chumba chenye viti, mtambue msemaji mmoja wa familia, mara nyingi ami au kaka mkubwa, lakini mama mzazi asiachwe nje ya mlango. Msalimie mkubwa kwanza. Kisha sema mambo matatu kwa mpangilio: kilichotokea, tunachokijua leo, na siku na saa tutakayozungumza tena. “Mama, moyo wa mwanao ulisimama kwa muda wa dakika kumi na tano hivi, sasa unapiga wenyewe. Ubongo wake umeumia, lakini kiasi gani bado hatujui. Alhamisi asubuhi tutampima upya na nitawaita hapahapa.” Mtu akikataa kuondoka bila jibu, mrudishie tarehe ileile, wala usimpoze kwa kumkadiria nusu kwa nusu.

Kuna misemo miwili ambayo naiomba iachwe. Tukiwaambia jamaa “tumwombeni Mungu tu”, sisi tunakusudia faraja, wao wanasikia tanzia, na ndani ya saa moja simu zimeshafika Malindi. Msemo wa pili ulinitoka mimi mwenyewe. Baada ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi na kutulia kwenye mashine, nilimfungulia mama yake mlango nikamwambia kwa uso wa furaha, “Mama, mwanao amepumzika.” Alianguka pale mlangoni. Ilinichukua muda mrefu kumweleza kwamba nilikusudia amelala, na tangu siku hiyo nasema “tumempa dawa ya kumlaza” tu.

Ikiwa vipimo vimekubaliana na daktari bingwa ameamua kwamba mgonjwa hana njia ya kuamka, jamaa waambiwe waziwazi, kwa neno lisilo na mlango wa pili, na wapewe nafasi ya kumwita imamu au mchungaji wao. Familia ya Kiislamu itauliza mapema kuhusu maziko, na kuuliza huko kusichukuliwe kuwa haraka ya kumkatia tamaa mgonjwa wao.

Kwa aliyeamka

Hatima haishii mlangoni mwa hospitali. Hupimwa kwa vipimo kama CPC chenye ngazi 1 hadi 5, ambapo 1 ni mtu aliyerudia shughuli zake na 5 ni aliyefariki, lakini ngazi ya 1 huficha mengi. Mgonjwa aangaliwe tena ndani ya miezi mitatu baada ya kuruhusiwa, aulizwe kuhusu uchovu, huzuni, usingizi na kumbukumbu, na mwenzake wa nyumbani aulizwe peke yake. Maswali ya kawaida hufichua zaidi kuliko karatasi ya mtihani: je, anakumbuka matatu ya kupanda kwenda Kongowea bila kuuliza, anaweza kuhesabu chenji dukani, anarudia hadithi ileile mara mbili katika jioni moja? Mke mmoja alinijibu kwamba mumewe ni mzima kabisa, ila sasa kila Ijumaa humuuliza kanzu zake zinawekwa wapi. Nilimwandikia mumewe rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya shughuli siku hiyohiyo.